Uzamivu Dar: Miezi Inayopotelea Masjala

Mtu akikaa miaka saba kwenye shahada ya uzamivu, mtaani watasema kichwa hakikutosha, na chuoni watanong'ona kwamba msimamizi alimtelekeza. Hesabu miezi yake uone ilikokwenda. Mitatu ilikaa na barua iliyosubiri saini, miwili ilikwisha akirudia hojaji iliyotafsiriwa vibaya, minne ikapita akingoja maoni ya sura ya pili, na mmoja ukaliwa na kompyuta iliyokufa na faili zake. Kufikiri kwenyewe huchukua sehemu ndogo kuliko tunavyopenda kukiri.

Msaada wa kuziba mianya hiyo upo Dar es Salaam, tena mwingi ni wa bure. Shida ni kwamba haujitangazi, na ukiuomba nje ya zamu yake haukufai kitu. Kwa hiyo makala hii inashika kanuni moja tu: kazi inayopita mikononi mwa watu wengine ianze kwanza, na ile inayokutegemea wewe peke yako ijaze muda wa kungoja. Wengi hufanya kinyume. Husoma mwaka mzima, wakishajiona wako tayari ndipo wanakwenda kuomba kibali, wakakuta kibali nacho kina safari yake.

Tuanze basi na vibali.

Kuna tabaka mbili zinazochanganywa kila mwaka: ruhusa ya kufanya utafiti, na ithibati ya maadili. Ruhusa inasema wewe ni nani na unakwenda wapi. Ithibati inasema utakachowafanyia watu hakitawadhuru wala kuwadhalilisha. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Kwa ruhusa, mwanafunzi aliyesajiliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huanzia chuoni kwake. Waraka wa serikali wa Julai 1980 ulimpa Makamu Mkuu wa chuo hicho mamlaka ya kutoa ruhusa za utafiti kwa wanafunzi na wanataaluma wake, na ndiyo maana barua zao hadi leo huutaja. Mtafiti wa kigeni njia yake ni COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pale Kijitonyama; kituo cha daladala chenyewe kinaitwa Sayansi. Atahitaji mshirika wa ndani mwenye taasisi inayotambulika, na akishapata kibali bado anadaiwa kibali cha ukaazi cha daraja C. Wenzetu wanaopokea wageni wa utafiti wawaambie hivyo kabla hawajakata tiketi.

Utafiti unaogusa afya unapita kwenye kamati ya maadili. Muhimbili wana kamati yao ya chuo, na kitaifa ipo kamati iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1979. Cheti cha kamati ya kitaifa hudumu mwaka mmoja. Hapa ndipo watu wengi huangukia: wanakipata Machi, wanaanza kukusanya data Novemba, wanafika Aprili wakiwa bado uwanjani na cheti kimelala. Data iliyokusanywa baada ya cheti kuisha ni mzigo wa aibu; jarida likiuliza tarehe, huna jibu. Andika maombi ya kuongeza muda miezi miwili kabla, pamoja na taarifa ya maendeleo. Na kama damu, mate au sampuli yoyote itavuka mpaka kwenda maabara ya nje, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli unaojitegemea. Usiuache hadi siku ya kufunga barafu.

Maombi hurudishwa kwa mambo madogo. Hojaji ya Kiingereza pekee bila ya Kiswahili. Fomu ya ridhaa yenye sentensi za mahakamani ambazo mama muuza vitumbua hawezi kuzimeza. Kutotaja namba ya simu ya kamati, ili mshiriki mwenye malalamiko aipige bila kupitia kwako. Na ile sentensi ya uvivu, "utafiti huu hauna madhara yoyote." Kumuuliza mtu habari za mimba iliyoharibika kuna madhara, andika utafanya nini akianza kulia.

Ukishakuwa na barua ya chuo, ndipo ngazi ya serikali inaanza. Barua huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye huandika kwenda wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, halmashauri huandika kwa mtendaji wa kata, mtendaji hukutambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kama ni shule, kuna afisa elimu katikati. Kama ni zahanati, mganga mkuu. Dar ina wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Tangu 2021 Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo barua iliyoandikwa kwa "Manispaa ya Ilala" imekosea anwani. Anayetaka mkoa mzima ajue ana mikondo mitano ya barua, si mmoja. Ndiyo maana nasema kama swali lako linajibika kwa wilaya mbili, chukua mbili.

Jinsi ya kuzifuatilia: peleka nakala mbili, moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Omba namba ya kumbukumbu ya barua. Ukirudi, usiulize "barua yangu imefikia wapi," maana jibu lake ni "bado." Uliza, "Samahani mama, faili lipo kwa nani sasa hivi?" Hapo utaelekezwa mlango. Shikamoo isisahaulike, wala jina la mtu wa masjala. Huyo ndiye ataliona faili lako likiwa chini ya mengine ishirini. Barua zikitembea, wewe uko maktaba.

Na maktaba ndiyo rasilimali inayotumika vibaya kuliko zote. Watu huenda kutafuta kiti, kiyoyozi na umeme wa kuchajia. Ile mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa 2018, ina viti vya kutosha kwa hilo, lakini hazina yake ya zamani ni mkusanyiko wa Afrika Mashariki: tasnifu, ripoti za wizara na machapisho ambayo hayapo mtandaoni. Tasnifu ya mtu aliyefanya utafiti Tandale miaka ya 1990 itakupa mstari wa kulinganishia usioweza kuupata popote pengine. Pale Upanga kuna Nyaraka za Taifa, zenye mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza. Kwa sheria ya 2002, nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa zikifikisha miaka 30. Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ndiyo ya kukimbilia ukitafuta vitabu vilivyochapwa nchini. Kwa mambo ya uchumi na umaskini, nenda REPOA, taasisi ya utafiti iliyoanza miaka ya 1990. Wa lugha na fasihi wana TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya chuo hicho cha Mlimani, iliyozaliwa 2009 kwa kuunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na Idara ya Kiswahili.

Kwa majarida ya nje, kabla hujalipa dola 40 kwa makala moja, muulize mkutubi neno moja: Research4Life. Ni mpango wenye mikusanyo mitano, ya afya, kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Ule wa afya, Hinari, ulianza 2002. Tanzania iko kundi A, maana yake taasisi zake hupata kusoma bila malipo. Jina na nywila ni vya taasisi, huwezi kujisajili mwenyewe, na hapo ndipo mkutubi anapokuwa mtu muhimu kuliko unavyomchukulia. Nywila hiyo usiibandike kwenye kundi la WhatsApp. Pia usiwashe programu ya kupakua makala 500 kwa usiku mmoja: mchapishaji akiona hivyo hufunga mlango kwa chuo kizima, na wewe utakuwa umewafungia mpaka madaktari wa wodini. Makala isipopatikana, weka kwenye kivinjari chako kiendelezi cha Unpaywall, kinachotafuta nakala za bure zilizo halali, kisha mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Waandishi hupenda kusomwa.

Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, isakinishwe wiki ya kwanza, si mwaka wa tatu. Ni ya bure, hifadhi yake ya mtandaoni ni MB 300 tu bila malipo, kwa hiyo orodha ya marejeo uisawazishe mtandaoni lakini PDF ziwe kwenye kompyuta na nakala yake. Kosa linaloumbua tasnifu nyingi za hapa ni majina ya taasisi. Mtu anaingiza Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwenye visanduku viwili, cha jina la ukoo na cha jina la kwanza, halafu kwenye marejeo inatokea "Takwimu, O. ya T. ya." Pembeni ya jina kuna kitufe cha kugeuza visanduku viwili kuwa kimoja, kibonyeze. Zito zaidi ni kukata uhusiano wa programu na waraka kabla sura hazijaunganishwa, kwa sababu baada ya hapo kila marejeo ni maandishi mfu, na utayarekebisha kwa mkono usiku wa kuamkia kuwasilisha.

Sasa sampuli, kwa sababu hapa hesabu moja hunakiliwa tasnifu hadi tasnifu kama desa la mtihani. Fomula ya Yamane: idadi ya watu gawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kiwango cha kosa kilichozidishwa chenyewe. Kaya 2,000, kosa la 0.05, unapata 334. Safi. Ila fomula hiyo inachukulia kwamba kila kaya iliokotwa peke yake kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Wewe ulichagua mitaa minane kwanza, ndipo ukachukua kaya ndani yake. Watu wa mtaa mmoja hufanana: bomba moja, mfereji mmoja, kodi zinazokaribiana. Kaya 40 za Manzese haziongezi habari kama kaya 40 zilizotawanyika jiji zima. Ndiyo maana kuna kizidishio cha muundo wa sampuli. Kwa mfano, ukianza na 384, namba inayotumika sana kwa idadi kubwa ya watu, ukaweka kizidishio cha 2 unafika 768. Ukitarajia asilimia 10 kukataa au kutopatikana, gawa kwa 0.9, unahitaji 854. Mtahini wa nje anayejua takwimu ataliuliza hili kabla ya yote, na "nimefuata Yamane" haitakuokoa.

Kabla hujakusanya chochote lakini, jiulize kama data haipo tayari. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) wana tafiti za kaya zinazofuatilia kaya kwa miaka tangu 2008, pamoja na matokeo ya Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini na 5,383,728 Dar pekee. Utafiti wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa 2022 nao una data ghafi. Mpango wa kimataifa unaoihifadhi ulitegemea fedha za Marekani, na ulisimamishwa mwanzoni mwa 2025. Somo lake ni kwamba data ya bure ukiipata leo, ipakue pamoja na mwongozo wake wa vigeu na uiweke kwako. Tasnifu nzuri ya uchumi au demografia inaweza kuandikwa bila kubisha hodi kwenye nyumba hata moja.

Ukilazimika kubisha hodi, tumia simu. KoboToolbox na ODK, programu za kujazia hojaji kwenye simu, hufanya kazi bila intaneti, na fomu unaitengeneza kwenye jedwali lenye kurasa tatu: maswali, machaguo na mipangilio. Weka mipaka: umri usizidi 110, idadi ya watoto chini ya miaka mitano isizidi idadi ya wanakaya. Ukibadilisha swali katikati ya kazi, unapata matoleo mawili ya fomu na safu wima zisizooana, hivyo maliza majaribio na watu 20 au 30 kabla, kwenye mtaa ambao hautaingia kwenye sampuli. Vijana wako watume fomu kila jioni wakipata mtandao. Simu iliyoporwa Tandika na kazi ya siku nne ndani yake haina nakala. Na bando wapewe wewe ukiwa umelipa, usiwaambie "tutarudishiana."

Kuna kosa moja la kwetu ambalo hakuna mwongozo wa nje utakaokutajia: saa. Ukiuliza mama anaamka saa ngapi atajibu saa kumi na moja, na msaidizi wako atachagua 11:00 kwenye simu. Mwingine, mjanja zaidi, atageuza iwe 05:00. Sasa una safu moja yenye saa za aina mbili, na hakuna programu itakayozitenganisha. Andika ndani ya swali lenyewe, "andika saa ya Kiswahili," kisha geuza mwenyewe kwa hesabu baadaye. Vilevile "kaya" ifafanuliwe: wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Usipofafanua, watu watakutajia familia, na familia ya mtu wa Mbagala inaweza kufika Masasi.

Mahojiano ya saa moja hukula saa nne hadi sita kuyanukuu kwa maandishi. Ukiwa na mahojiano 30, hesabu mwezi na zaidi wa kazi ya kila siku. Wengi hujiongezea adhabu kwa kuyatafsiri yote kwa Kiingereza kabla ya uchambuzi. Ushauri wangu, na najua wapo wasimamizi watakaokunja uso: chambua kwa Kiswahili, tafsiri nukuu zitakazoingia kwenye tasnifu tu, na usahihi wake uhakikiwe na mtu wa pili. Mshiriki aliyesema "nimejikaza kisabuni" amesema jambo ambalo likishatafsiriwa mapema hutaliona tena. Sauti hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023 na ina tume yake, kwa hiyo kuzipandisha kwenye tovuti yoyote ya kunukuu ya nje, yenye majina na magonjwa ya watu, si suala la adabu tu. Weka majina kwenye faili moja, majibu kwenye jingine, na ufunguo wa kuunganisha kwenye flashi iliyofungiwa kabatini.

Kalenda nayo ina lawama yake. Masika, Machi hadi Mei, Jangwani na mabondeni hapapitiki, na sampuli yako itakosa wale hasa uliowataka. Ramadhani mchana si wakati wa kumhoji mtu saa nzima. Shule hufungwa Juni na Desemba. Mwaka wa uchaguzi, mtendaji wa kata hana muda nawe, na mwananchi anadhani umetumwa.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana matangazo hubadilika. COSTECH wana mfuko wa taifa, MTUSATE. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa 1973, imekuwa ikisaidia waandishi wa tasnifu za sayansi ya jamii. CARTA, muungano wa vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika, huchukua wanataaluma wa vyuo wanachama kwa uzamivu wa afya ya jamii na huwapitisha kwenye semina nne za pamoja. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili wa kusoma ndani ya kanda. Jumuiya ya Madola huwa na ufadhili wa kwenda Uingereza hadi mwaka mmoja huku shahada ikibaki ya hapa, na huo ndio unaofaa watu wenye kazi na watoto. Kwenye bajeti, kinachosahaulika ni nauli ya kufuatilia barua, uchapaji wa nakala za watahini, na posho ya mwenyeji anayekuzungusha mtaani. Weka asilimia 10 ya dharura na uitetee.

Msimamizi, sasa. Profesa wako ana wanafunzi wengine, kamati na safari, na atakusahau bila ubaya wowote. Kila baada ya kikao, siku hiyohiyo, mtumie barua pepe ya nusu ukurasa: tulikubaliana haya, nitaleta hiki tarehe fulani, nasubiri kwako kile. Mwaka mmoja baadaye akikuuliza kwa nini uliacha nadharia ile, una maandishi. Usimpe sura nzima na kumwambia "naomba maoni." Mpe kurasa 15 na maswali matatu. Wiki mbili zikipita, ujumbe mfupi; ya tatu, simu; ya nne, mfuate ofisini asubuhi kabla ya kipindi. Kimya cha mwanafunzi hutafsiriwa kuwa hana tatizo. Na kwa maoni ya uandishi wenyewe, AuthorAID, mtandao wa watafiti ulioanzishwa na shirika la INASP, umekuwa ukitoa kozi za bure mtandaoni na kuunganisha watafiti na walezi wenye uzoefu.

Vyuo vingi sasa vinataka makala kabla ya kuhitimu, na hofu hiyo ndiyo mtaji wa majarida feki. Jarida linalokubali makala kwa siku tatu na kuomba ada kwenye akaunti ya mtu binafsi, likimbie. Tafuta jina lake kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au kwenye AJOL, ambako majarida ya Afrika yamekusanywa tangu 1998. Ada ya uchapishaji mara nyingi ina msamaha kwa nchi yetu, lakini uombwe wakati wa kuwasilisha, kwa sababu makala ikishakubaliwa wengi hawasikilizi tena. Soma wanatumia orodha gani: wanaofuata Research4Life hutuweka kundi A, ila Benki ya Dunia ilituhamishia kipato cha kati cha chini Julai 2020, na wanaofuata orodha hiyo wanaweza kukupa punguzo tu. Msamaha kwa kawaida huwa ni wa majarida ambayo makala zake zote husomwa bure, si yale yanayochanganya za bure na za kulipia.

Baada ya utetezi huja masahihisho, na hapo tena watu hupoteza nusu mwaka wakidhani wamemaliza. Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Kila hoja iwe na mstari wake, hata ya koma. Pale usipokubaliana, andika sababu kwa sentensi mbili za heshima. Anayethibitisha masahihisho atalipitia jedwali hilo kwa saa moja badala ya kuisoma upya tasnifu ya kurasa 300, na faili lako halitalala mezani kwake.